Dole Gumba la Edna

Ni asubuhi ya Januari, na joto limeshaanza kuchoma mabati magharibi mwa Sydney, lakini Noreen Tippett amevaa sweta mbili. Anasukuma kitoroli hadi ndani ya chumba baridi cha ghala la nyaraka. Mbele ya sanduku moja anasimama, anagonga kifuniko taratibu, kama anayebisha hodi.

"Ameitika?" anauliza Col Brannigan, mwenzake, kutoka nyuma ya rafu.

"Nyamaza wewe. Utamwamsha."

Masanduku haya yana kumbukumbu za idara ya serikali iliyosimamia bidhaa kutoka nje wakati wa Vita Kuu ya Pili: bati, chai, magunia, mpira. Shehena ya mpira ilipofika, karani aliubonyeza kwa dole gumba kupima ulaini, kisha akakata kipande na kukibana ndani ya faili.

Mpira wa umri huo hukauka ukavunjika kama biskuti. Wa sanduku hili bado ni laini. Ukiugusa, hata kwa glavu, una joto.

"Na ile alama ya dole inazidi kuzama," anasema Noreen, mwenye miaka 63. "Mimi sivui glavu. Sasa nani anabonyeza?"

"Usiniangalie mimi," anasema Col. "Mimi hata mkate siubonyezi."

Kila alama imekatwa na mstari wa kovu, mshazari. Noreen alipouona mara ya kwanza alikaa sakafuni.

Mama yake, Edna, alikuwa karani wa idara hiyo kabla ya kuolewa. Kovu la doleni alilipata kwa kifuniko cha kopo. Kila Jumapili alioka pai ya nyama, akibonyeza ukingo wa unga kwa dole lilelile, na mstari ukabaki kwenye kila kibonyeo.

"Nilikuwa natia kidole changu pembeni ya chake. Ananipiga kofi la mkononi, huku anacheka," anasema Noreen.

Edna alifariki Noreen akiwa na miaka minane. Baadaye moto wa msituni uliteketeza nyumba yao na picha zote. Mpira huu ndio kitu pekee kilichobaki ambacho mkono wake uligusa.

Na leo unatakiwa kutupwa. Mvuke wake unakula karatasi.

"Noreen mpenzi, nikiuacha, tutapoteza faili zote," anasema Lidia Marusic, mkuu wa uhifadhi, aliyekuja na ndoo ya taka.

"Kipande kimoja tu, Lidia. Nakuomba."

"Kimoja. Kwenye mfuko usiopitisha hewa, ndani ya friza. Chagua."

Noreen anafungua sanduku na kuvipanga vipande mezani. Ghafla mkono wake unasita. Kwenye kipande cha mwisho, pembeni ya dole lenye kovu, kuna kibonyeo kingine, kidogo, cha kidole cha mtoto.

"Hicho jana hakikuwepo," ananong'ona Col. Safari hii hatanii.

Lidia anaiweka ndoo chini.

Noreen anakitia kipande hicho ndani ya mfuko, anaufunga, anaupapasa kama shavu la mtu aliyelala. Atastaafu Desemba. Anataka kuoka pai, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu mama yake afe.

"Nitabonyeza ukingo upande mmoja tu," anasema. "Ule mwingine nitamwachia mama, usiku kucha mezani."