Kitunguu cha Mama Angelina

Baba yangu, mzee Bartolomeo, alipika kwenye hoteli moja huko Ngorongoro, juu ukingoni mwa kreta, kwa miaka ishirini na sita. Wageni walimpigia makofi kwa supu yake. Habari hiyo tuliisikia nyumbani Rhotia mpaka tukaichoka.

Alikuja likizo kila baada ya miezi mitatu, na kabla hajavua koti alifunua sufuria ya mama na kuguna. "Mama Angelina, kitunguu kinakaangwa, hakichemshwi. Mafuta yako wapi?" Mama alicheka tu, akampakulia. Mimi, huyo Angelina, ndiye niliyekasirika kwa niaba yake.

Mafuta yangetoka wapi? Baba alituma elfu themanini kila mwezi bila kukosa, na kwa hilo namsifu. Ila zilikuwa themanini zilezile tangu niko darasa la pili hadi namaliza kidato cha nne. Yeye alikula na kulala hotelini, sokoni hakanyagi. Redio ikitangaza kwamba mfumuko wa bei wa mwaka ni asilimia tatu, alisema hiyo ni chumvi tu kwenye sufuria. Hakufikiria kwamba chumvi hiyo inaongezwa kila mwaka, wala kwamba mafuta na sukari vilipanda zaidi ya hapo.

Mwaka jana akastaafu. Wiki ya pili mama akavimba goti, baba akachukua kapu na elfu ishirini, matumizi ya wiki nzima kwa hesabu yake mwenyewe. "Pumzika," akamwambia. "Leo mtakula chakula."

Sokoni Karatu alinunua kama mpishi wa hoteli. Alianza na mafuta, lita mbili. Kisha karoti, hoho, vitunguu saumu. Alipofika kwenye unga, mfukoni ilibaki mia tano. Alirudi kwa muuza mafuta akidhani amepunjwa, na mama yule akamweleza kwa upole, "Mzee, mkeo tunamjua. Yeye huchukua kipimo kidogo, anamaliza nacho wiki."

Alirudi nyumbani. Aliweka kapu miguuni pa mama, akabaki amesimama.

"Hela imeisha na unga sijanunua," akasema. "Mama Angelina, miaka yote hii ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa napika. Kaa kwanza, unga kidogo upo kwenye debe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unatuma ulichonacho. Nikwambie ili ukose usingizi huko kwenye baridi?"

Baba akafuta macho kwa mkono wa shati. Nilikuwa nimemwekea maneno makali tangu utotoni, lakini pale yakaniisha yote, nikamwonea huruma.

Akavuta kigoda hadi kwenye mafiga, akakata kitunguu haraka haraka kwa mikono yake ya hotelini. Akashika chupa ya mafuta, akasita.

"Nifundishe," akasema.

Mama akamwambia aweke kijiko kimoja, amwagie kikombe cha maji, afunike, asiwe na haraka. Mzee mwenye cheti cha upishi ukutani akafanya kama alivyoambiwa. Baadaye akafunua, akaonja, akamtazama mkewe.

"Kimeiva," akasema. "Kumbe siku zote kilikuwa kimeiva."