Kuku Aliyerudishwa Jikoni

"Huyu kuku ni wa kuchoma au wa kuchomelea? Hata kisu kimemkataa!"

Sauti ya Bi Sindano ilivuka meza zote za uani, ikapita chini ya miavuli, ikamfikia meneja aliyekuwa amesimama mlangoni akichokonoa meno. Watu waliacha kutafuna. Mhudumu, mwanamume wa makamo mwenye upara uliokuwa unang'aa kwa jasho, aliinama kidogo, trei kaibana kifuani.

"Samahani, mama. Nikubadilishie?"

"Mimi si mama yako. Ningekuwa mama yako ungekuwa na adabu."

"Dada," mdogo wake akamnong'oneza, "kuku yuko sawa. Mimi wangu nimebakiza mifupa."

"Wewe hata kuni ungetafuna. Nyamaza."

Mhudumu akaichukua sahani, akaenda nayo jikoni, shati limemganda mgongoni. Bi Sindano akamsindikiza kwa macho huku akijipepea kwa menyu. Mwanamume yule alikuwa mume wake. Wa zamani, lakini mume.

Bi Sindano alikuwa fundi wa nguo, ila jina hilo majirani hawakumpa kwa ajili ya cherehani. Alishonea katika chumba hichohicho alicholala, chini ya bati, pasi ikiwa moto kutwa. Miezi ya joto ilipofika, chumba kiligeuka tanuri. Basi kila Jumapili yeye na mdogo wake, aliyekuwa dobi wa hospitali, walijipamba wakatoka kutafuta pa kula penye hewa.

Na kutafuta kwenyewe kulikuwa kazi. Siku hizi kila mwenye jiko anatoa viti viwili barabarani na kusema ana mgahawa wa nje. Mmoja ulikuwa ukingoni mwa mtaro, unakula huku umeziba pua. Mwingine ulikuwa na viti vya chuma vilivyoshinda juani. Mdogo mtu alikaa, akaruka kama kang'atwa na siafu. Wa tatu ulikuwa juu ya paa la ghorofa, upepo wa kupendeza, mpaka ukamvua mteja wigi na kulitua kwenye supu ya wenzake. Bi Sindano alicheka hadi wakaombwa waondoke.

Ndipo wakaupata huu, nyuma ya maduka ya vipuri. Ua mpana, mmea unaotambaa umeshonana juu kama dari, chini pamenyunyiziwa maji, meza zimeachana kiasi kwamba humsikii jirani akimeza. "Hapa nitazeekea," Bi Sindano alisema siku ile ya kwanza, akavua viatu chini ya meza. Mhudumu akaja, akainua uso, akawa kama kamwagiwa maji ya barafu.

Halafu akasema, "Karibuni. Mtakunywa nini?"

Hapo ndipo alipojichongea.

Mwanamume huyo alitoka nyumbani asubuhi moja, mtoto wao wa mwisho akiwa bado ananyonya. Hakugombana na mtu. Alisema anakwenda kununua sabuni. Bi Sindano alimngojea na nguo zimelowekwa kwenye beseni mpaka maji yakaanza kunuka, ndipo jirani akaja kumwambia kwamba mumewe kaonekana ng'ambo ya reli, kwa mwanamke mwingine, kavaa kanzu ya kulalia. Mtoto yule sasa ananyoa ndevu.

"Kuniacha aniache," Bi Sindano alizoea kusema, "si wa kwanza kuachwa mimi. Lakini kuaga kunagharimu nini? Hata mpangaji anamuaga mwenye nyumba."

Hilo tu ndilo alilomdai. Matunzo hakuyataka, watoto kawalea kwa mguu wake juu ya cherehani. Alitaka mwanamume asimame mbele yake, amtazame, aseme: naondoka. Na kuomba asingeomba. Atakuja mwenyewe, alisema moyoni, au nitamleta.

Njia ya kumleta alipewa na keshia wa mgahawa, aliyekuja kwake kupunguziwa gauni. Keshia alikuwa na mdomo mwepesi. Alisimulia, pini zikiwa zimemzunguka kiuno, kwamba pale kwao sahani ikirudishwa anayekatwa mshahara ni mhudumu, na akirudishiwa tatu katika mwezi mmoja, anavuliwa aproni papo hapo. Bi Sindano alimshonea bila haraka, akimuuliza hiki na kile.

Jumapili iliyofuata alirudisha wali, eti una unywele mrefu. Mhudumu mwenyewe kipara. Jumapili ya pili akavirudisha viazi kwamba vimepoa, baada ya kuviacha mezani akipiga soga mpaka mafuta yakaganda. Leo ilikuwa zamu ya kuku.

"Hii ya tatu," alisema sasa, akijimiminia maji.

"Ya tatu nini?" mdogo wake akauliza.

Alipoelezwa, dobi aliweka uma chini. "Dada, una roho mbaya. Umfukuzishe kazi baba wa watoto wako?"

"Baba gani? Muulize wanavaa viatu namba ngapi."

"Mwite meneja basi, mwambie umekosea."

"Nitamwita. Shemeji yako akifika hapa akaniambia neno langu, nitamwambia meneja kwamba kuku wake ni mtamu na mimi ndiye mwenye meno mabovu. Haki ya Mungu nitamwambia. Mlango uko wazi, apite."

Mhudumu akarudi na sahani mpya. Aliiweka polepole, akaigeuza paja limwelekee mteja, akapangusa tone la mchuzi ukingoni.

"Huna la kuniambia?" Bi Sindano akamuuliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakupaza sauti.

Mwanamume akaangalia sahani. Akaangalia viatu vyake.

"Chakula chema, mama," akasema.

Bi Sindano akachukua uma. "Haya."

Meneja hakumwita mhudumu pembeni. Alimwitia palepale katikati ya meza, ili na wahudumu wengine wasikie. "Tatu! Mzee mzima unashindwa kubeba sahani? Vua hiyo. Vua!" Mafundo ya aproni yalikuwa mgongoni na yamelowa jasho, mwanamume alihangaika nayo kwa vidole vilivyokataa, anajizungusha kama anayetafuta mkia wake. Meza moja wakacheka. Mwishowe meneja mwenyewe akaikata kamba kwa kisu cha nyama.

"Dada, sema kitu," dobi alilia. "Sema!"

Bi Sindano alikuwa anatafuna.

Mwanamume aliuelekea mlango wa ua. Alifika, akashika komeo, akasimama hapo akiwapa wateja mgongo. Kisha akageuka, akaja moja kwa moja mpaka kwenye meza yao. Bila aproni alionekana mwembamba.

"Mama watoto," alisema.

"Kumbe unanijua."

"Ulijua watanifukuza?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei. "Basi mimi naondoka."

"Unakwenda wapi?" dobi akauliza.

"Sijui, shemeji. Hata kule ng'ambo ya reli nilishafukuzwa."

"Hayo hatukukuuliza," Bi Sindano akamkata.

"Ndiyo. Hamkuniuliza." Alimtazama mtalaka wake usoni, bila kukwepa. "Kwaheri, mama watoto. Ningekuaga siku ile. Niliuogopa mdomo wako."

"Na leo?"

"Leo utanifanya nini tena?"

Bi Sindano alijifuta mafuta vidoleni kwa kitambaa, kimoja kimoja, akausimamisha mkono hewani juu ya sahani. Mwanamume akaupokea.

"Kwaheri," Bi Sindano akamwambia. "Nenda. Sikudai tena."