Sukari Ndani ya Kochi

Shemeji yangu ni fundi wa makochi, na tangu amuoe dada yangu hajawahi kuitwa jina lake nyumbani. Dada alimwita "sukari yangu". Alimwita hivyo mbele ya wateja, mbele ya wakwe, hata siku walizogombana: "Sukari yangu, leo nitakupasua!" Mwanzoni nilikuwa nasikia kichefuchefu, baadaye nikazoea.

Kisha tumbo la shemeji likaanza kujaa maji. Daktari akasema ini limejaa makovu na halitarudi kuwa kama zamani. Mtaani wakaimaliza kesi siku hiyohiyo: pombe. Lakini shemeji hajawahi hata kunusa pombe. Yeye alikunywa soda, moja kochi likianza na nyingine likiisha, na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Daktari alisema unene na utamu wa miaka mingi ndivyo vilivyolijaza ini mafuta mpaka likachakaa. Aache soda, apunguze sukari na chumvi. Alikuwa bado anaeleza, lakini dada yangu alikwishasimama. Dada akishasikia neno moja, huondoka nalo.

Sukari ikapigwa marufuku. Jirani akamwambia dada kwamba wali na mkate navyo hugeuka sukari tumboni, basi navyo vikafuata. Jioni mapema shemeji alipewa vijiko viwili vya mboga, na ndiyo basi mpaka asubuhi. Na kwa kuwa dada hafanyi jambo nusunusu, alilipiga marufuku hata neno lenyewe. Mume akawa "Mgonjwa".

"Mgonjwa, njoo umeze dawa!"

Nilimwambia anazidisha. Akaniambia nikaolewe kwanza, ndipo nije kumfundisha.

Shemeji hakubisha. Alianza tu kupenda kufanya kazi peke yake, mlango wa karakana umefungwa. Wakati huo alikuwa na kochi la mama mmoja, mwalimu mkuu wa shule ya jirani, limebaki kupigwa kitambaa cha chini tu. Siku moja alichoka, akaenda kulala. Dada akamhurumia. Akachukua nyundo na misumari midogo, akalifunga kochi mwenyewe, akamwita mwenye gari, likapelekwa.

Shemeji aliamka akakuta nafasi tupu.

"Kochi liko wapi?"

"Nimekumalizia, Mgonjwa. Pumzika."

"Asante," akasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Mwalimu mkuu alirudi nalo siku chache baadaye, akiwa amefura.

"Fundi, mimi niliagiza kochi, sikuagiza kichuguu! Wageni wangu wameinuka mmoja mmoja wanajikuna!"

Dada akaapa kwamba sisimizi hao ni wa huko huko shuleni. Akachana kitambaa kwa mikono yake ili amuumbue mama wa watu. Kikaanguka kifuko cha sukari kilichopasuka, zikafuata biskuti, kisha chupa ya soda ikabingirika mpaka miguuni pake. Mwalimu mkuu akaangalia pembeni kwa adabu.

"Unataka kuniacha mjane kwa ajili ya biskuti?" Dada alikuwa analia.

"Nina njaa, mke wangu," akasema shemeji. Akapandisha mkono wa shati. Mkono uliokuwa ukivuta ngozi ya kochi ikanyooka kama ngoma ulikuwa umebaki mfupa. Niliogopa kweli kweli. "Na hata jina umeninyima," akaongeza.

Kesho yake tulikwenda watatu kwa mtaalamu wa lishe, nami nikamshika dada mkono asisimame kabla ya mwisho. Mtaalamu akasema soda, biskuti na sukari ya kwenye chai viachwe, hapo dada alikuwa sawa. Lakini ini la namna hiyo haliwezi kuweka akiba. Mgonjwa akilala na njaa, mwili unaanza kula misuli yake. Ale kidogo kidogo mchana kutwa: mayai, maharage, samaki, wali wa kiasi, chumvi kidogo sana. Na asilale bila kula kitu.

"Kwa hiyo nilikuwa namuua?" dada akauliza.

"Yeye kwa biskuti, wewe kwa njaa," akasema mtaalamu. "Mlikuwa mnasaidiana."

Siku hiyo, kabla ya muda wa kulala, dada alichemsha yai bila chumvi, akakata mkate, akaenda kusimama kwenye mlango wa karakana. Akafungua mdomo, akaufunga. Nilijua anachotafuta: jina la kumwita. Sukari imekatazwa, asali ni yale yale, chumvi nayo imo kwenye marufuku.

"Yai langu!" akaita. "Njoo ule."

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Shemeji hakucheka. Aliweka nyundo, akafuta macho kwa kitambaa cha kochi la mtu, akaingia ndani kula.