Siku Binti Yangu Hakuitika

Naanza na wenye makosa, maana wengine wakiandika huwaficha mpaka mwisho, na wakifika mwisho wameshawasamehe. Mimi sisamehi haraka. Majina yao ninayo kichwani, ila hapa sitayaweka. Nitawataja kwa kazi zao, wenyewe watajijua.

Wa kwanza ni mwalimu wa binti yangu, shuleni kwetu Walthamstow. Ndiye aliyesema mtoto ananing'ang'ania mno, hana marafiki, anahitaji hewa. Hewa! Kama vile nyumbani kwangu tunapumua kitu kingine. Wa pili ni mama mmoja wa kanisani, Mkongo mwenzangu, ambaye watoto wake walikuwa wameshakwenda kwenye hiyo kambi ya farasi. Wa tatu ni mkuu wa kambi. Wa nne hajawahi kufika Uingereza, nitamfikia.

Kambi ilikuwa ya kiangazi, shule zimefungwa, kwenye shamba la farasi huko pembeni kabisa, treni ya Chingford inapoishia na msitu kuanza. Watoto wa mjini wanapelekwa kule, wanalala kwenye mahema, wanasugua farasi, wanafundishwa ndege na miti. Wiki nzima, bila simu. Hilo la simu ndilo lililonikaba. Binti yangu alikuwa na miaka tisa na hakuwahi kulala mahali ambapo mimi sisikii pumzi yake. Baba yake sikumuuliza. Aliyejiondoa mwenyewe haulizwi.

"Weye unaogopa nini tena?" yule mama wa kanisani aliniambia. Tulikuwa dukani tunachagua sombe ya barafu, yale majani yetu ya muhogo. "Farasi hali mutu. Wangu walirudi wanene, matope mpaka masikioni."

"Na wakimpoteza?"

"Wazungu wapoteze mutoto? Hata paka yao ikipotea wanabandika picha yake kwenye kila mti!"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu usipocheka watu wanasema vita bado iko kichwani mwako. Basi nikakubali. Nilikubali kwa aibu, nasema wazi, na aibu hiyo walinivisha wao wawili, mwalimu na mama wa kanisani.

Siku ya kumpeleka, mkuu wa kambi alitupokea langoni. Mwanamke mzungu wa umri wangu, mabuti ya mpira hadi magotini, nyasi kavu kwenye nywele. Aliniita "Mama" tu, kama wanavyotuita hapa wasipotaka kujifunza majina yetu.

"Mama, tusipokupigia ujue mambo ni salama," alisema. "Kimya ni habari njema."

Sijui nani aliwafundisha hilo. Kwetu kijiji kikinyamaza, watu walikuwa wanafunga mizigo.

Alituonyesha farasi mmoja jike, wa kijivu, mzee, mgongo umebonyea kama kitanda cha kamba. Mnyama yule akashusha kichwa, kirefu kuliko kiwiliwili cha mwanangu, na kumpulizia shingoni. Nilimvuta mtoto nyuma. Akajinasua, akaweka kiganja kwenye pua ya farasi, akacheka kicheko ambacho sikuwa nakijua.

"Mama, nenda sasa," akaniambia kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote, lakini mdomo wake ni wa London.

Niliangalia nyuma ya mazizi. Miti. Miti mikubwa, na chini yake majani marefu yanayomfikia mtu kiunoni. Watu wa hapa wanapenda msitu, wanakwenda kutembea na mbwa, wanarudi mashavu mekundu. Mimi nimelala msituni majuma mengi, na sikuwa kambini.

Siku zilizofuata nilifanya kazi kwa mkono mmoja. Nasafisha ofisi Croydon, upande mwingine kabisa wa jiji, na mkono wa pili ulikuwa mfukoni juu ya simu. Ikinyamaza naogopa. Ikilia naogopa zaidi. Msimamizi wangu, Mghana mmoja mpole, aliniuliza kama nina mgonjwa nyumbani. Nikamwambia ndiyo, maana ni rahisi kuliko kueleza.

Siku ya tatu, mchana, simu ililia nikiwa nafuta meza ya mkutano.

"Mama, usishtuke," alisema mkuu wa kambi. Yaani ndivyo alivyoanza. "Binti yako amejificha vizuri mno. Tulikuwa na mchezo. Wenzake wote wametoka, yeye bado. Tunamwita."

"Mchezo gani?"

"Watoto wanajificha msituni, sisi wakubwa tunawatafuta tukiwa juu ya farasi. Wanaupenda sana."

Niliketi sakafuni. Msimamizi alininyang'anya kitambaa, akanipa mkoba wangu, akasema nenda dada, nenda.

Kutoka Croydon mpaka Chingford ni treni, halafu treni ya chini ya ardhi, halafu treni tena. Chini ya ardhi simu haikushika. Nilisimama mlangoni ingawa viti vilikuwepo, nikijisemea maneno peke yangu, na kijana aliyekuwa karibu yangu akahamia mbali. Watu wangedhani naomba Mungu. Nilikuwa najua kitu ambacho wao kule kambini hawakijui, na sikuwa na njia ya kuwaambia: mwanangu anawasikia vizuri. Haitiki kwa makusudi.

Sasa nimtaje wa nne. Ni fundi baiskeli, jirani yetu kule kijijini, ukuta kwa ukuta. Mimi shule niliishia darasa la nne, na ni kwa sababu ya vita. Wenye bunduki walipokuja tulikimbilia mashamba ya mihogo na msitu ulio nyuma yake, mimi na mdogo wangu wa kiume, kila mmoja na shimo lake. Hawakutupigia kelele. Walituita kwa majina. Majina yetu ya ubatizo, moja moja, taratibu, kama shangazi anayeita watoto kula. "Njoo, mama yako yuko huku." Majina hayo waliyapata kwa fundi baiskeli. Mdogo wangu aliitika.

Kwa hiyo binti yangu tangu alipoanza kusema nilimfundisha. Watu wakikusaka, jilaze chini. Wakikuita kwa jina lako la shuleni, nyamaza, hata wakilia, hata wakisema nimewatuma. Una jina la nyumbani, alilokupa bibi yako kwenye simu ulipozaliwa, hilo tunalijua sisi tu. Ukilisikia kwa sauti yangu, na mimi niko peke yangu, ndipo utoke. Tulifanya mazoezi sebuleni, yeye nyuma ya kochi. Jina hilo siliandiki hapa pia.

Nilipofika shambani jua bado lilikuwa juu, la kiangazi, halitaki kushuka. Lilinisaidia. Langoni kulikuwa na gari la polisi. Watoto wengine walikuwa wamekalishwa kwenye nyasi na kupewa biskuti, hakuna aliyekula. Na kutoka msituni nikasikia sauti za watu wazima, wanaume na wanawake, wanaita jina la mwanangu. Kwa upole. Taratibu.

Nilishika uzio.

"Wanyamazishe!" nikamwambia mkuu wa kambi. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga na sauti imekauka kwa kuita.

"Mama, lazima tumwite ili atusikie..."

"Anawasikia! Kila mkiita, anazidi kujizika. Watoe watu wako. Watoe na farasi."

Askari polisi, mwanamke kijana, akanisogelea. "Tafadhali, mama, tuachie kazi yetu. Mbwa wa kunusa yuko njiani."

"Ukimletea mbwa atakimbia, na barabara kubwa iko upande ule. Unasikia magari? Mbwa abaki garini."

Wakatazamana. Nilijua wanachofikiri: huyu mama amechanganyikiwa. Nimeshatazamwa hivyo mara nyingi. Lakini mkuu wa kambi, na hili nampa ingawa simpendi, alitoa filimbi yake, akapuliza, akapaza sauti wote watoke. Wakatoka, farasi wanavuja jasho. Msitu ukatulia.

Niliingia. Mkuu wa kambi akanifuata nyuma. Nikaita jina la nyumbani. Majani hayakutikisika. Nikasonga, nikaita tena. Ndege akaruka, moyo wangu ukaruka naye. Nikaita karibu na gogo lililoanguka, nikaita kwenye kijito kilichokauka. Hakuna. Hapo ndipo nilipoogopa kwa kweli, maana mpaka dakika ile nilikuwa na hakika. Labda hakujificha. Labda fundi baiskeli yuko kila mahali, London pia.

Halafu nikageuka, nikamwona mkuu wa kambi amesimama na mabuti yake.

"Rudi," nikamwambia.

"Siwezi kukuacha. Mtoto yuko chini ya dhamana yangu."

"Haji kwa sababu yako. Nikiwa na mtu, anajua huenda nimelazimishwa. Rudi nyuma, asikuone hata kivuli."

Akaondoka, nikasikia hatua zake zikipungua mpaka zikaisha.

Nikaita.

Alitoka karibu sana, chini ya lile gogo nililokwisha kulipita, mahali ambapo ningeweza kumkanyaga. Udongo usoni, mikwaruzo mikononi, suruali imelowa, maana hakusogea hata kwa haja. Hakulia. Alisimama mbele yangu mikono imenyooka kama anapokariri shuleni.

"Nilifanya vizuri?" akauliza.

Nilimshika kichwa, shingo, mabega, kila kiungo. "Ulijua ni mchezo?"

"Mwanzoni ndiyo. Nilijua. Halafu wakaanza kuita jina langu, na wana farasi, na sauti zao zikawa nzuri nzuri. Nikasema labda ndiyo yale ya kwako."

Yale ya kwangu. Nilimwambia alifanya vizuri. Ningesema nini? Mtoto aliyelala kwenye mkojo wake kwa kutii, humwambii alikosea.

Nje kulikuwa na blanketi, chai yenye sukari, na maswali. Mkuu wa kambi alisubiri mtoto apelekwe kuoga, akanigeukia. "Samahani, Mama, lakini unamfundisha nini mtoto huyu?"

"Kilichoniacha hai," nikasema. "Na wewe? Nani alikutuma kuwasaka watoto wa watu kwa farasi bila kuuliza wanatoka kwa nani?"

Macho yakamjaa maji. Sikumbembeleza, sikuwa na nafasi hiyo.

Nilikwisha kufunga begi la mtoto aliporudi, nywele zinachuruzika, amevaa nguo za kuazima. Akaliangalia begi. "Bado siku nne," akasema. "Farasi wangu hajasuguliwa leo."

"Tunakwenda nyumbani."

"Mama." Safari hii alisema kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha kupinda. "Mimi nataka kubakia."

Nilitaka kumbeba na kukimbia. Nilijua njia ya stesheni, nilijua saa ya treni. Kutoka mazizini mkuu wa kambi akatokea na brashi mkononi. Hakuwa na habari ya mazungumzo yetu. Akamwita mwanangu kwa jina lake la shuleni, sauti kubwa, mbele ya watu wote.

Mtoto hakuitika. Alinigeukia mimi, akangoja. Mwanamke yule akaita mara ya pili, kwa wasiwasi sasa.

"Itika," nikamwambia.

Akaitika. Akaenda mbio kwenye matope, na nikabaki nimeshika begi.