Ijumaa Tuliyohamisha Anwani

Mimi nikikasirika huongea na mashine. Ofisini walishazoea. Wakinisikia nafoka peke yangu kwenye chumba cha mitambo, wanajua kuna kitu kimekataa kuwaka, wanaendelea na chai yao.

Kazi yangu hapa Garsen ni simu za namba ya dharura. Mtu wa kando ya mto akizingirwa na maji, au akiwa na mgonjwa na barabara imekatika, hupiga namba hiyo bure, na sisi tunamtafutia boti au ambulensi. Nyuma ya namba ile ziko seva mbili, moja Garsen na nyingine Hola. Moja ikizima, nyingine inabeba mzigo.

Msimu ule mto Tana ulikuwa umevunja kingo, Kulesa imebaki kisiwa, na kampuni ya laini ikachagua wakati huohuo kutuhamishia kwenye waya mpya. Waya mpya ulikuja na anwani mpya, na barua yao ilisema waya wa zamani unakatwa Ijumaa saa tisa alasiri. Niliwapigia kuomba wasubiri maji yapungue. Wakaniambia ombi langu limepokelewa. Ukiambiwa hivyo na kampuni, jua umekwisha.

Kubadilisha anwani ya seva moja si kazi. Taabu ni zikiwa mbili. Kila moja inaijua mwenzake kwa anwani, na ukigusa hii bila kuitaarifu ile, zinapotezana, kila moja inajiona ndiyo yenye nyumba. Kwa hiyo tulipanga tuanze na Hola, tuhakikishe zinaonana, ndipo tuje Garsen. Nikiizima ya kwangu, simu zote zingehamia Hola, na mpigaji asingejua lolote. Nilichagua baada ya swala ya Ijumaa kwa sababu saa hizo simu huwa chache.

Mwenzangu wa Hola ni Muorma, mtu wa wafugaji, mimi wa wakulima wa mtoni, na utani wetu ni wa jadi. Ana upole fulani ambao siku za shida hunichoma roho. Nilimpigia kwa simu yangu ya mkononi.

"Mmeswali?"

"Tumeswali. Nimekuombea hata wewe, mla maembe, usituharibie mitambo."

"Jiombee mwenyewe, mchunga ng'ombe. Weka anwani."

Akaweka, akaiwasha seva yake upya, tukawa tunasubiri ipande, iamke kabisa. Hapo ndipo mama wa simu aliponiita.

Mama wa simu ndiye anayepokea. Ni mtu wa Kipini, Kiswahili chake kina utamu wa upande wa Lamu, na ana subira ambayo mimi sikupewa. Namba yetu ni ya bure, lakini watu wa mtoni hawaamini kitu cha bure. Wanaflashi. Simu inalia mara moja, wanakata, wanangoja wapigiwe. Mimi nilikuwa nikimwambia awaache wajifunze kupiga kama watu. Yeye alimpigia kila aliyeflashi, hata aliyekosea namba, na watu wote wa mto, mpaka kule Kinakomba kwetu, walimjua kwa hilo.

"Ndoo hapa," aliniambia, njoo ya kwao, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku. "Mwanangu anatokwa na damu."

Bintiye alikuwa mwalimu Kulesa, mimba ya miezi minane. Alikuwa amepiga mwenyewe, akasema damu inatoka na haikati, boti imepatikana, wanaondoka sasa hivi. Kisha simu yake ikaisha chaji. Gati la kawaida lilikuwa limesombwa, kwa hiyo nahodha angeshusha popote atakapopata nafasi, darajani au kwenye tuta la barabara upande wa pili, akifika atujulishe kwa simu yake. Ambulensi ilikuwa tayari inaelekea darajani. Kati ya daraja na tuta kulikuwa na tope la kumeza gari, kwa hiyo dereva asingeweza kubahatisha, akienda huku na kurudi kule. Ilibidi tujue.

"Namba ya nahodha unayo?"

"Sina. Yeye ndiye atakayepiga hapa."

Nikarudi mbio kwenye chumba cha mitambo. Seva ya Hola ilikuwa imepanda lakini haikuiona ya Garsen. Kwenye skrini yangu taa yake ilikuwa nyekundu. Kama Hola haionekani, hakuna pa kuzihamishia simu. Nikiziacha zilivyo, saa tisa waya wa zamani unakatwa na namba inakufa. Nikibadilisha ya Garsen sasa, namba inakufa mapema zaidi. Na boti iko majini.

Nikampigia kijana wa kampuni ya laini. Nilimsihi, mimi ambaye sijui kusihi.

"Kaka, nipe nusu saa tu. Kuna mgonjwa kwenye boti."

"Pole sana, dada. Kukatwa kumeshapangwa kwenye mtambo, unakata wenyewe. Mimi hapa sina uwezo."

"Mwenye uwezo ni nani?"

"Leo ni Ijumaa, wakubwa wameshatoka."

Nilimtukana. Sitasema nilimwambia nini, mama yangu bado yu hai na anajua kusoma.

Nikamrudia mwenzangu wa Hola. "Nisomee kila ulichoandika. Kila namba. Polepole."

Akasoma. Anwani ilikuwa sawa. Jina sawa. Akafika kwenye namba ya mlango, ile ambayo seva hupitia kutoka nje, akasoma ya zamani.

"Hiyo ni ya zamani!" nikapiga kelele. "Umeibadilisha nyumba ukaacha mlango kule ulikotoka!"

"Subhanallah," akasema. Hakujitetea. Nilisikia vidole vyake vikigonga kibodi. "Naiwasha tena."

"Fanya haraka, haki ya Mungu."

"Ikiwaka, inawaka kwa mwendo wake, dada. Siwezi kuisukuma."

Saa tisa ikatukuta hapo. Skrini za simu zote mezani kwa mama zikaandika kwamba zinatafuta seva. Sikungoja Hola tena. Mwongozo unakataza kuigusa ya pili kabla ya ya kwanza kuonekana, lakini mwongozo haukuandikwa na mtu mwenye boti majini. Nikaingiza anwani mpya ya Garsen, nikaisoma kwa sauti, nikaingiza namba ya mlango, nikaisoma mara mbili, nikaizima seva na kuiwasha.

Halafu hakuna la kufanya. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu hawaijui katika kazi yetu. Unakaa. Seva inaamka kwa hatua zake, huduma hii, kisha ile, nawe mikono imelala mapajani. Nilitoka nikaenda kusimama karibu na mama. Alikuwa amemwambia dereva wa ambulensi, kwa simu yake ya mkononi, akae palepale darajani. Mkono mmoja ulikuwa juu ya simu ya meza, midomo inaomba dua. Ningependa angenifokea.

Skrini zikarudi moja moja. Simu ya meza ikalia mara moja, ikanyamaza.

Mama alikuwa ameshaishika. Hakukuwa na mtu. Namba ilikuwa kwenye skrini. Akabonyeza kuipiga, ikakataa, simu za kutoka zilikuwa hazijapanda. Nikaisoma namba ile huku naiandika kwenye simu yangu, nikapiga.

"Mbona mmetuacha hivyo?" sauti ya mwanamume, na maji nyuma yake. "Tumeflashi mpaka tumechoka. Inaita, tunakata, tunangoja. Tuko kwenye tuta."

"Kwa nini hukupiga tu moja kwa moja? Namba ni ya bure!"

"Na mimi ningejuaje kama hamko? Kwangu ilikuwa inaita. Mwalimu ndiye aliyeniambia niflashi tu, mama yake atapiga."

Mama alisikia. Simu yangu ina sauti kubwa. Alikuwa tayari anamwambia dereva: tuta, tuta, nenda kwenye tuta.

Ambulensi iliwafikia, ikamleta. Mwalimu alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, na hakulia.

Kesho yake nilikwenda hospitali na chupa ya uji, kwa sababu sikujua niende na nini. Mama alikuwa ameketi kitandani kwa bintiye, anamfunga nywele. Nikasimama mlangoni.

"Mama," binti alisema, wala hakuwa na hasira, "mbona hukunipigia?"

Mama hakugeuka kunitazama. "Nilikuwa nimetoka kidogo, mwanangu."

Haki, sikuweza. "Hakutoka," nikasema. "Hakuondoka kwenye kiti kile hata kunywa maji. Simu zilikuwa zimezimwa. Mimi ndiye niliyekuwa nazibadilisha."

Binti akanitazama. Nikaanza kumweleza habari ya waya mpya, ya seva mbili na anwani zake, ya saa tisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi aliyekariri. Uji ulikuwa unanichoma mkono na sikujua niuweke wapi.

"Na sasa zinafanya kazi?" akauliza.

"Zinafanya."

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Zinaonana."

"Haya," akasema, akageukia ukutani.