Si Huyu Aliyeniuzia Mafuta

Ninapika chakula cha kuuza Mvara, karibu na shule. Kwa miaka mingi mafuta ya mawese nilinunua Koboko, kwa mtu mmoja mwenye duka nyuma ya soko. Yalikuwa yanavuka mpaka kutoka Congo, mazito, na harufu yake ilikuwa ileile niliyoizoea tangu utotoni. Kila nilipokwenda nilipitia kijijini Lurujo na kumwachia dada yangu mkubwa chupa kadhaa. Baba yetu alikuwa askari, na alipofariki ni dada huyo aliyenilea.

Safari moja nilirudi Mvara, na sikuwa hata nimefungua jerikeni langu nilipopigiwa simu. Dada anatapika, na watoto wa nyumba yake wanatapika. Nilimkuta hospitali, macho yameingia ndani, vidole vya mkono wa kulia vyekundu. Nikamnawisha kwa sabuni, nikasugua, wekundu ukabaki palepale. Mawese hayakai hivyo kwenye ngozi. Wakaguzi wa chakula walipokwenda dukani walikuta pakiti za rangi ya unga, ile ya kutia mikeka. Mtu yule alikuwa anachukua mafuta ya bei rahisi, anayachanganya na rangi ya mikeka na mawese kidogo ya kuleta harufu, kisha anatuuzia huku akituuliza habari za nyumbani.

Watoto walipona. Dada hakupona sawasawa. Mwanamke aliyekuwa analima shamba lake peke yake akawa anapumzika kila baada ya kuchota maji.

Mwenye duka alikamatwa, akashtakiwa, akaachiwa kwa dhamana arudi siku ya kesi. Nilifurahi, nikafunga jiko na kupanda gari alfajiri kwenda Koboko. Dada alikuwa ameshafika mahakamani, amekaa kwenye benchi na khanga mabegani.

Karani akaita jina la mshtakiwa. Mwanamume mmoja akasimama kizimbani, akasema, "Iko hapa."

Nilimtazama, kisha nikatazama mlangoni, nikidhani mwenye duka bado anaingia. Hakuna aliyeingia. Huyu alikuwa mwembamba, shati limemzidi, kijana kuliko yule wa dukani. Pua walifanana kidogo. Nikamnong'oneza dada, "Huyu si yeye."

Dada hakugeuka. "Nimeona," akasema. "Nyamaza."

"Dada, si yeye."

"Mimi naumwa tumbo kila siku. Mutu ameitika, mutu alipe. Ukiitwa wewe, sema ni huyu."

Nilimwelewa. Hata sasa namwelewa. Lakini hasira iliyonipanda sijui niieleze vipi. Mtu ametulisha rangi, na siku ya kujibu ametuma mtu mwingine, kama anayetuma mtu sokoni. Alijua kwamba askari aliyemkamata alikuwa amehamishwa. Alidhani sisi wengine, wanawake wa jikoni, hatutathubutu kufungua midomo mbele ya hakimu.

Nilipoitwa, niliapa. Mwendesha mashtaka akaniuliza nilinunua wapi mafuta, nikaeleza. Mkalimani akawa anamgeuzia hakimu maneno yangu kwa Kiingereza. Kisha mwendesha mashtaka akauliza, "Aliyekuuzia yuko humu ndani?"

"Hayuko."

Mwendesha mashtaka akatabasamu kama mtu aliyesikia vibaya. "Mama, tazama vizuri pale kizimbani."

"Nimetazama. Si huyu aliyeniuzia mafuta. Yule namjua. Nimenunua kwake tangu mtoto wangu wa kwanza ananyonya."

Wakili wa mshtakiwa akasimama haraka. Akasema mteja wake mwenyewe amekiri kwamba ndiye mwenye duka, kitambulisho chake kimepotea, na shahidi huyu huenda haoni vizuri au amepewa kitu. Nimepewa kitu. Alisema hivyo dada yangu akiwa amekaa nyuma yangu ameshika tumbo. Nikamgeukia mkalimani, nikamwomba amgeuzie hakimu neno kwa neno: kama mtu huyu ndiye mwenye duka, aseme mimi ni nani, maana mwenye duka ananijua.

Hakimu, mwanamke wa makamo aliyekuwa anaandika muda wote, akaweka kalamu chini. Akamuuliza mshtakiwa, "Unamjua mama huyu?"

"Namjua."

"Anafanya kazi gani?"

Akamtazama wakili. Wakili akatazama meza.

"Anauza nguo," akasema.

Watu wakacheka, na mimi sikucheka. Hakimu akamuuliza yeye mwenyewe ni nani. Mtu yule akaanza kulia, akijifuta kwa mkono wa shati. Akasema ni ndugu wa mke wa mwenye duka, mkulima wa kijijini Abuku. Shemeji alimwambia mahakama itamkaripia tu na kumwachia, na akirudi atapata pikipiki ya kufanyia boda.

Pale nilidhani tumeshinda. Hakimu aliamuru mwenye duka akamatwe. Lakini tayari alikuwa ameshavuka mpaka. Mkulima wa Abuku akapelekwa rumande, baadaye akafungwa kwa kuidanganya mahakama. Hakuwa ameuza hata tone la mafuta. Kesi yenyewe ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Nilikuwa nafunga jiko, napanda gari, naambiwa rudini mwezi ujao. Mwishowe tukaambiwa sampuli za mafuta walizochukua wakaguzi hazionekani, na kesi ikaondolewa, pamoja na amri ya kumkamata mwenye duka. Mwendesha mashtaka alinipita kwenye veranda ya mahakama akasema, "Ungesema ni yeye, mama, tungemaliza siku ile ile."

Nilimwambia, "Mngemfunga nani?" Akaendelea kutembea.

Mwenye duka alirudi Koboko kesi ilipoondolewa. Nikaenda. Alikuwa anamimina mafuta kwenye chupa za wanawake, akaniona, akasema, "Karibu, mama. Umepotea."

Sikupaza sauti. Niliwaambia wale wanawake alichomlisha dada yangu, na nani amelala gerezani kwa ajili yake. Akasema, "Kesi iliisha. Uliza mahakama. Mimi iko mutu safi." Mwanamke mmoja akarudisha chupa yake kaunta akaondoka. Mwingine, mwenye mtoto mgongoni, akaniuliza kwa upole, "Sasa mama, sisi tununue wapi?" Akasogeza chupa yake mbele, na yule mtu akamjazia huku akinitazama mimi.

Nilikwenda Lurujo. Dada alikuwa uani anapepeta mtama, amekaa, kwa kuwa kusimama kunamchosha. Nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mke wa yule wa Abuku amekuja hapa," akasema. "Amekuja na mtoto wake. Anasema wewe ndiye umemfunga mume wake."

"Ukamwambiaje?"

"Nikampa mtama." Akapuliza makapi. "Na mimi nilitaka afungwe, unakumbuka. Sasa amefungwa. Tumbo bado linauma."

Nikachukua ungo mwingine, nikakaa karibu naye. Nikapepeta kwa nguvu mno, mtama ukawa unamwagika chini, na kuku wakaja.