Pumzi ya Mwaya, Panga za Appenzell

Futa hicho kicheko kwanza. Ninyi mliofika vyuoni mkisikia habari ya pumzi ya watu mnabinua midomo, mnasema ni ushamba wa wazee. Mimi niliishia darasa la nne, lakini niliiona ikifanya kazi mchana kweupe, na shamba la mama yangu likaondoka nayo. Kama huamini, basi, ila nyamaza mpaka nimalize.

Nilipokuwa mtoto pale kijijini Mwaya, kando ya ziwa, kila mtu alijua kwamba ukiudhi kijiji, majirani hawahitaji mganga wala hirizi. Wanakaa nje ya nyumba zao jioni, wanakunung'unikia, na pumzi zao zinaungana zinakuwa baridi. Tuliiita mbepo. Baridi hiyo inakufuata hadi kitandani, inakutetemesha, na haitoki mpaka ukiri kosa na wanaume wa kijiji waje wakupulizie maji kifuani, kila mmoja akitamka kwamba moyo wake umetulia. Bibi yangu, mzaa baba, aliiogopa kuliko mamba.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa Kizungu, mmisionari, tukimwita Dada Verena. Alitoka Uswisi, katika mkoa wa milimani uitwao Appenzell, jina tulilolitamka kama mtu anayetema mwiba wa samaki. Siku ya jiografia alitueleza kwao. Mkoa mdogo, watu wachache, milima imesimama kama ile ya Livingstone tunayoiona kando ya ziwa, ila ya kwao ina theluji juu. Chini ni majani matupu, ng'ombe wenye kengele shingoni, na jibini. Ng'ombe tuliwaelewa. Jibini hatukuielewa, na alipotuonjesha tuliitema.

Kisha akatoa picha: uwanja umejaa wanaume, kila mmoja na upanga kiunoni.

"Hii ndiyo serikali yetu," alisema. Mara moja kwa mwaka wanaume wote hukusanyika hapo, huchagua viongozi na kupitisha sheria kwa kunyoosha mikono. Upanga ndio unaoonyesha kwamba mtu ana haki ya kura.

Kissa, niliyekaa naye dawati moja, hakuwa na breki mdomoni. "Na wewe Dada, upanga wako uko wapi?"

Dada Verena akacheka. "Sisi wanawake tunatazama madirishani." Akatuonyesha kidirisha kwenye picha, na vichwa vitatu ndani yake.

"Kama kuku kwenye tundu," Kissa akaninong'oneza, tukacheka mpaka tukafukuzwa nje.

Mwaka huohuo baba akafa. Alikuwa amerudi karibuni kutoka machimboni Afrika Kusini, amekuja na kofia na kikohozi. Miaka yote aliyokuwa huko, mama ndiye aliyefungua majaruba yetu ya mpunga karibu na mto, analima kwa jembe la mkono kama mwanamume, mimi nikiwa mgongoni. Matanga hayajapoa, baba mdogo Asegelile akaita wanaume uani kwake. Mama aliambiwa asubiri jikoni. Walipomaliza wakamwita asikilize walichokubaliana.

"Shemeji, majaruba ni ya ukoo," baba mdogo alisema. "Uingie kwangu uwe mke wangu, au uyaache."

"Kwako siingii," mama akajibu. "Na majaruba nimeyafungua mimi. Kawaulize vyura, watakwambia walikuwa wanamwona nani."

Nusura nicheke. Lakini bibi alishika kichwa. Njiani akamwambia mama, "Mwanangu, watu watapumua. Usije ukasema sikukwambia."

Siku ya nne mama hakuamka. Meno yalimgongana, tukamfunika nguo zote za nyumbani na bado akatetemeka. Bibi hakushangilia, namtendea haki. Alilia. Lakini majirani walipita mlangoni mmojammoja, wanachungulia, wanaondoka wameridhika kama watu waliokwisha kula. Sijawahi kusahau zile nyuso. Hata leo zikinijia, chakula hakishuki.

Nilikimbia hadi kwa Dada Verena. Alinipa vidonge vichungu vya homa, akanieleza nimpe mama vingapi asubuhi na vingapi jioni. Nikamwambia, "Twende, Dada, ukawaambie wanaume kwamba ni mbu. Wewe watakusikiliza. Wanataka shamba letu."

Akanishika bega. "Hayo ni mambo ya wanaume wa kwenu. Wamekaa, wamekubaliana. Hata kwetu ndivyo tunavyotawaliwa, na tunaishi kwa amani."

Alikuwa mwema, sikatai. Lakini yule alikuwa mtu aliyevuka bahari peke yake, anaendesha pikipiki, anang'oa meno wanaume wazima huku wakilia. Na alisema vile akitabasamu, tena kwa fahari. Nikaondoka bila hata kusema ndaga, asante ya kwetu, kwa dawa yake.

Nilichelewa. Nilikuta wanaume wamejaa ndani, na mama anasema kwa sauti nisiyoijua, "Nimekosa. Majaruba chukueni." Wakapokezana kibuyu, mmoja baada ya mwingine, wakampulizia maji kifuani, maji yenye mate na harufu ya tumbaku. Mengine yalinirukia usoni. Walipotoka nilimpa mama vidonge. Baada ya siku tatu alikaa kitako akaomba uji, na kijiji kizima kikasema, "Mmeona?"

Msimu uleule baba mdogo alipanda. Mama alituhamishia Ngana kwa kaka yake, akalima ardhi ya kuazima mpaka alipokufa.

Homa ililetwa na mbu, hilo hata mimi wa darasa la nne nalijua. Lakini mbu hahitaji majaruba. Waliomwambia mama ile homa ni nini, na nani ana dawa yake, walikuwa watu kwa midomo yao, naye aliwaamini kwa sababu walikuwa wengi na yeye mmoja. Ndiyo maana nasema pumzi ya watu ipo.

Juzi mjukuu wangu aliitafuta Appenzell kwenye simu. Akanisomea kwamba siku hizi wanawake nao wananyoosha mikono uwanjani, ila wanaume walikataa, wakakataa tena, mpaka mahakama kuu ya nchi yao ikawalazimisha. Alidhani nitafurahi. Niliona kinyaa tu.

Na wiki iliyopita nikaitwa Kyela, kwa mtoto wa kaka yangu. Mdogo wake amefariki, na ukoo unaitaka mikakao ya mjane. Mjane mwenyewe, Neema, walimweka jikoni.

"Shangazi, wewe ndiye mkubwa," yule mtoto wa kaka akaniambia. "Tamka tu kwamba moyo wako haujatulia juu yake. Yaliyobaki tutamaliza sisi."

"Moyo wangu haujatulia juu yako wewe. Mikakao ile aliipanda nani?"

Nikawageukia wote waliokaa.

"Kesho mimi na Neema tunakwenda baraza la ardhi. Nitasema niliyemwona akipanda."

"Unauaibisha ukoo, Shangazi."

"Umejiaibisha wenyewe, mimi nimeukuta hivyo."

Nikainuka, nikamwita Neema achukue kanga yake, nikamtanguliza mbele yangu katikati ya miguu yao, tukatoka, nikafunga mlango.